Ngazi Imefungwa na Ngazi

Jumatatu, 12 Mei

Itangazwe kwa wote waliomo ndani ya daftari hili, yaani mimi: kuanzia leo asubuhi ninamiliki kiti kinachozunguka.

Si kipya. Kilikuwa cha Bwana Alnashir, akakichoka. Mkono mmoja umechanika, na ukikikalia kinashuka polepole kama lifti ya hospitali, mpaka kidevu kinakaribia meza. Lakini kinazunguka! Nimezunguka mara moja tu, kwa heshima ya ofisi. Halafu mara ya pili, kuhakikisha.

Nimempigia Haifa kumpa habari. Binti yangu huyu anafahamu Kiswahili chote, ila mdomo wake umegoma kukisema. "Mum, it's a chair." Nikamwambia si kiti, ni cheo. Akacheka akakata simu. Hakungoja la pili.

La pili ndilo kubwa. Bwana Alnashir kaniita mezani kwake akafunga mlango. Mlango wenyewe haufungiki, aliuzuia kwa mguu. Muhiddin karuka jana kwenda Pemba kumwoza binti yake, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Na Muhiddin ndiye mkaguzi wetu. Yeye ndiye anayeingia kwenye maghala na makarakana ya watu kutazama nini kitaungua, nini kitaanguka, nini kitamkata mtu kidole. Mie nakaa hapa Harrow, juu ya duka la vitambaa, nageuza alichoandika kiwe fomu ya Kiingereza yenye visanduku vya Yes na No. Siku zote huwa yupo pembeni yangu kunifafanulia. Safari hii hayupo.

Bwana Alnashir kasema: Bi Mwanabaraka, fomu ya ghala la Hayes itoke Ijumaa. Ukiijaza peke yako, bila kukosea na bila kumsumbua mtu, basi kuanzia sasa na wewe unatoka. Unakwenda saiti. Goti la Muhiddin limechoka na langu lilistaafu zamani.

Saiti! Na kizibao cha njano kinachong'aa!

Bwana Alnashir hajui kanigusa wapi. Nilipokuja nchi hii nilikuwa nafagia maofisi, na Kiingereza changu cha kwanza nilikisoma ukutani. Sukuma hapa kufungua. Usipande lifti moto ukitokea. Mahali pa kukusanyika. Wenzangu walisomeshwa na walimu, mie nilisomeshwa na milango. Mpaka leo nikiingia mahali, kabla sijamwona mwenye nyumba nshaona pa kutokea.

Nimezunguka mara ya tatu. Hii haikuwa na sababu.


Jumanne, 13 Mei

Muhiddin saiti anaandika Kiswahili. Makusudi. Mameneja wana macho marefu — wanakuletea chai, wanasimama begani, wanasoma unachowaandikia. Basi yeye huandika kwa lugha ya nyumbani, mafupi mafupi, kama mtu anayetuma simu ya taarifa ya msiba. Anaiita siri ya kazi. Nilikuwa naona ujanja mkubwa. Leo nimeanza kuwa na mashaka.

Ghala la Hayes ni la kukodisha vitu vya harusi. Viti vya dhahabu vya maharusi, mapazia, mahema, maua ya plastiki. Karatasi zake ni tatu, moja ina duara la kikombe.

"Sakafu kavu, njia pana." Yes.

"Vizima moto vipo, vimekaguliwa Machi." Yes. Raha!

"Meneja mwanamke, mkarimu, chai nzuri." Hili halina kisanduku.

Nikawa naenda kama baiskeli ya mteremko. Mpaka nikafika hapa:

"Ngazi imefungwa na ngazi."

Nikasoma tena. Nikaegemea kiti nifikirie, kikashuka.

Ngazi ipi? Fomu inauliza mahali pawili. Pa kwanza: ngazi za kuegemeza ukutani, je, zimefungwa wakati hazitumiki? Kama ni hiyo, imefungwa, Yes, hongera zao. Ukurasa wa pili: ngazi za kupandia ghorofani, je, ziko wazi ili watu watoke moto ukizuka? Kama ni hiyo, imefungwa — No! Na hiyo si No ya kuandika ukaenda kunywa maji. Hiyo simu inapigwa hapo hapo, na walioko juu wanateremshwa.

Neno moja. Upande huu hongera, upande huu balaa.

Na hiyo "na ngazi" ya mwisho ndiyo nini? Ngazi imefungwa na ngazi ni kama kusema chai imetiwa chai. Nimeamua: mtu alikuwa anakunywa chai nzuri ya mwanamke mkarimu, akasahau kwamba keshaandika. Nimeifuta kichwani.

Nimemtumia ujumbe. Kaka Muhiddin, hongera kwa harusi, Mungu awajaalie wanetu masikilizano. Ile ngazi ya Hayes, ni ya kuegemeza au ya kupandia juu?

Jibu limeingia jioni, nami nashuka ngazi za stesheni (hizi ziko wazi).

"Ndiyo."


Jumatano, 14 Mei

Nimempigia Muhiddin. Hapatikani. Nimepiga tena. Hapatikani. Masika Pemba, mtandao unakuja ukijisikia.

Mchana ikaingia sauti kwenye WhatsApp. Nikabana simu sikioni. Ngoma! Vigelegele! Mwanamke mmoja anaita watu wa sinia za pilau wapite mlango wa nyuma. Na katikati yake Muhiddin, koo limekauka, anapiga kelele kama anayezuia gari: "Zote, dada! Zote!" Kisha ngoma tena. Kisha kwisha.

Nimeisikiliza mpaka Bwana Alnashir kauliza nani anaoa humu ofisini. Nilichofahamu ni kwamba sinia zimefika zote. Nimefurahi kwa ajili yao. Fomu yangu haina kisanduku cha sinia.

Haifa kasema mbona jambo dogo, pigia watu wa ghala uwaulize. Mtoto wa mjini, hajui kazi. Mteja haulizwi jibu, hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya Bwana Alnashir. Ukimuuliza mteja kama ngazi yake imefungwa, kabla hujaweka simu chini imefunguliwa, imefagiliwa, na pembeni pamewekwa chungu cha maua. Kesho yake imefungwa tena.

Kumuuliza Bwana Alnashir? Ndiko kumsumbua mtu kwenyewe. Kwaheri kizibao.

Kubahatisha? Nimejaribu, kwa penseli. Nikaweka Yes, nikaitazama. Karatasi ya kwanza ya Muhiddin inasema ghorofani kuna washonaji wawili wa mapazia. Nikiweka Yes na kumbe ni ngazi yao, siku ya moto watashukia wapi? Kwenye mapazia? Nimefuta. Nikaweka No. Na kama ni ngazi tu ya kubadilishia taa, imefungwa vizuri ukutani, nitakuwa nimefunga ghala la watu msimu wa harusi kwa sababu ya sarufi. Nimefuta tena. Karatasi imetoboka.

Basi. Nimeomba ruhusa kesho. Nimesema jino.

Jino gani, kauliza Bwana Alnashir.

La nyuma. La nyuma halionekani.


Alhamisi, 15 Mei

Siku ya kuandikwa hii!

Nilivaa baibui langu la kutokea, lile la nakshi za fedha, na vipuli vya marehemu mama. Nikapanda basi la 140 mpaka Hayes, mkoba mapajani, kama mtu mwenye shughuli yake. Na shughuli ninayo. Nimekwenda kukodi viti vya harusi.

Alinipokea meneja mwenyewe. Anaitwa Makena, Mkenya wa Meru, mrefu, redio kiunoni, sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara.

"Karibu sana, mum! Unatafuta nini?"

"Viti vya maharusi, mwanangu."

"Ni arusi ya nani?"

"Ya binti yangu, inshaallah."

Na huo si uongo. Ataolewa siku moja, inshaallah.

"Wow! Ni lini?"

"Tunapanga." Nao si uongo. Mie nimeanza kupanga tangu ana miaka mitano.

Akanizungusha ghala zima. Viti vyenye simba mikononi. Viti vyeupe kama keki. Kisha kimoja, jamani, mgongo wake umepanda juu kama mkia wa tausi, dhahabu tupu, mto wa mahameli. Makena kasema keti, mum, usiogope, hiyo imebeba maharusi wa kila size. Nikakaa.

Hakikushuka!

Nilikaa nikangoja kishuke, hakikushuka. Nimekaa juu, mgongo umenyooka, miguu haigusi chini, natazama ghala la Hayes kama nimelirithi. Nikasahau fomu. Nikasahau Muhiddin. Makena akatoa simu: "Cheka, mum! Hivyo hivyo! Tunaweka kwa status." Nikacheka na magego yote, kwa kuwa kweli nilikuwa na furaha. Hapo nilikosea, lakini hapo sikujua.

Nilipogeuza shingo kutazama nyuma ya mkia wa tausi, ndipo nilipoiona.

Ngazi ya chuma, ya kupandia ghorofani. Na pale pa kuanzia kupanda, imelazwa kwa ubavu kutoka reli hii mpaka reli ile, ngazi ya alumini. Mnyororo. Kufuli kama ngumi.

"Ngazi imefungwa na ngazi!" Nilisema kwa sauti. Nilikaribia kupiga kigelegele.

"Eh?" Makena kashtuka.

"Hiyo, mwanangu. Hiyo nini?"

"Ah, hiyo! Hiyo ladder majirani wa godown ya pili walikuwa wanaichukua bila kuuliza. Kila siku naitafuta. Sasa nimeichain kwa stairs. Wacha waone!" Alijisifu kweli. Na mie, nikiwa msema kweli, siwezi kumlaumu — ngazi ile haendi nayo mtu.

"Na walioko juu wanashukaje?"

"Wanapita tu chini yake. Hivi." Akanionyesha. Akainama, akajikunja, redio ikagonga chuma, msichana mrefu yule akapita kama anaingia pangoni, akatokea upande wa pili akijipangusa. "Unaona? Hakuna shida."

Nikamuuliza kwao wanaiitaje ile na wanaiitaje hii.

"Hii ladder, hii stairs. Nyinyi je?"

"Hii ngazi. Na hiyo ngazi."

"Aki watu wa pwani! Kitu yoyote ya kupanda ni ngazi, mkimaliza mnajigamba na Kiswahili sanifu!"

Nikamwambia, kama mama wa bibi harusi tu, kwamba mie ningekuwa wewe ningeiondoa leo. Maana mwanangu akija kujaribu kiti, na moto ukatokea, na watu wale wawili wapo juu na cherehani zao...

"Mum, unaongea kama ule mzee wa inspection!" Akacheka, akaenda kuleta chai.

Nikaimeza pamoja na ulimi. Chai nzuri kweli. Tangawizi na maziwa mengi. Muhiddin hakutia chumvi.

Kwenye basi la kurudi ndipo iliponijia. Zote, dada! Zote! Hazikuwa sinia. Mtu kaacha ngoma ya bintiye kunijibu kwa ukamilifu, na mie nikafurahia pilau yake. Hata ile "Ndiyo" yake ilikuwa jibu. Ya kuegemeza au ya kupandia? Ndiyo!

Nimecheka peke yangu mpaka aliyekaa karibu nami kahamia nyuma.


Ijumaa, 16 Mei

Nimeamkia fomu. Ngazi ya kuegemeza, imefungwa? Yes. Ngazi ya kupandia, iko wazi? No. Pale pa maelezo nimeandika kwa Kiingereza changu cha ukutani kwamba ngazi ya kwanza iko salama kabisa, na usalama wake ndio hatari ya ngazi ya pili. Nimeisoma kwa sauti. Imependeza mno kwa fomu. Nikaipeleka mezani kwa Bwana Alnashir na kumwambia hii ya ngazi haingoji posta.

Akasoma. Akapiga simu Hayes papo hapo, kwa ile sauti yake ya ofisi, hata salamu hatoi. Ikaeleweka kuwa kufuli linafunguliwa sasa hivi, yeye akiwa kwenye simu. Nikasikia mnyororo ukianguka sakafuni kule. Sauti tamu! Tamu kuliko ngoma ya Pemba.

Nikarudi kitini kwangu. Nikazunguka robo.

Ndipo akaja na simu yake mkononi, ameinyoosha kama mtu aliyeokota kitu.

"Bi Mwanabaraka. Hili jino lako linang'olewa juu ya kiti cha dhahabu?"

Nimo mie. Mkia wa tausi nyuma ya kichwa, magego yote nje, vipuli vya mama vinamulika. Makena kaandika chini: mama bibi harusi amependeza, karibuni mwone viti vyetu! Na Bwana Alnashir namba ya Makena anayo siku zote. Ni mteja wake. Anaona status zake zote.

Nilitafuta pa kujificha. Kiti kikanisaidia, kikashuka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema bila kumsumbua mtu."

"Nilisema mtu. Sikusema mimi!"

Akageuka akaelekea dirishani. Mabega yanatikisika. Nikadhani hasira, nikaanza kukusanya kalamu zangu. Kumbe anacheka! Anacheka mpaka kashika pazia. Halafu akanisogezea ile picha, akanikuzia kona yake. Nyuma ya bega langu la kulia, wazi kama mchana: ngazi, ngazi, mnyororo, kufuli.

"Fomu inataka picha ya ushahidi," kasema. "Tukikukata wewe, tutabakiwa nayo."

Kanikata. Nimebakia kipande cha kipuli.

Kuhusu saiti, hakusema kitu. Wala kizibao. Kaniambia tutazungumza Jumatatu. Nami nikajua neno hilo: Jumatatu ni siku ambayo watu huambiwa mambo.

Jioni Makena kapiga. Nikapokea nikiwa nimefumba macho.

"Mum! Kumbe wewe ni inspection! Umekalia kiti yangu ya gold ukinipiga No!"

"Nisamehe, mwanangu. Na kiti kilikuwa kizuri."

"Wale fundi wa mapazia wamefurahi, wanasema migongo imepona. Sasa arusi iko ama haiko?"

"Iko, inshaallah."

"Ukiniambia hiyo inshaallah tena nitakushtaki!" Anacheka huyo. Kasema nikipita Hayes chai ipo.


Jumapili, 18 Mei

Picha imefika kwetu Unguja. Kutoka kwa Makena kwenda kwa nani sijui, kutoka kwa nani kwenda kwa shangazi, na kwa shangazi ndiyo kwa ulimwengu. Simu tangu alfajiri. Hongera, Mwanabaraka! Hukutuambia! Bwana harusi wa wapi? Mmoja keshanunua kitambaa cha sare. Nimemwambia kitambaa hakiozi.

Haifa kaingia jikoni, simu mkononi, macho mekundu kwa usingizi. Kasimama. Kanitazama. Na kwa mdomo wake mwenyewe, bila mtu kumlazimisha:

"Mama, mimi naolewa na nani?"

Kwa Kiswahili! Sentensi nzima! Kichwa na mkia!

Nimeweka mwiko chini nikamkumbatia. Yeye anadai jibu, mie namwambia rudia tena. Kagoma, karudi kwenye Kiingereza chake na malalamiko yake. Haidhuru. Nimeisikia. Picha hii hata ikininyima kizibao, haikupotea bure.


Jumatatu, 19 Mei

Bwana Alnashir kaingia na mfuko wa plastiki. Kauweka juu ya meza yangu bila salamu.

"Utakwenda. Lakini kwa mlango wa mbele na kwa jina lako."

Kizibao! Cha njano, mistari ya fedha! Ni cha Muhiddin cha zamani, kinanifika magotini, mfukoni mna risiti ya samaki. Nimekivaa kutwa. Nimekwenda nacho duka la chini kununua uzi ambao siuhitaji. Mwenye duka kaniuliza kuna nini, kuna moto? Nikamwambia hakuna, na ndiyo kazi yangu.

Saiti yangu ya kwanza Jumanne ijayo. Lewisham. Karakana ya majoho ya kwaya.


Jumanne, 27 Mei

Lewisham! Nimefika mapema nikasimama nje nikisoma vibao vya jirani, kwa mazoea.

Mwenye karakana ni mzee wa Kijamaika, anashona akiimba, na akifika kwenye kituo cha wimbo anasimamisha cherehani. Majoho yamening'inia dari zima, ya zambarau, ya bluu, meupe yenye shingo ya dhahabu, ukipita chini yake unajiona umeshasamehewa. Kanipa kinywaji cha tangawizi cha kuunguza koo. Kanifuata kila ninapokwenda na gilasi yangu.

Na macho marefu, kama Muhiddin alivyosema! Alisimama begani kabisa. Kauliza hii lugha gani.

"Usalama," nikamwambia.

Kacheka, kaanza wimbo mwingine. Nikaandika huku natikisa kichwa. Milango, sakafu, nyaya, taa, pasi, mikasi. Karatasi mbili tu. Fupi, safi, hazina duara la kikombe. Si kama za mtu fulani ninayemjua.

Nimerudi na treni nimekaa na kizibao changu. Mtu kaniuliza treni ya Charing Cross inatoka jukwaa gani. Mie! Nikamjibu, na nilikuwa sahihi.


Jumatano, 28 Mei

Muhiddin karudi! Kaleta halua, kaleta picha, kaleta na goti lililovimba kwa kucheza ngoma siku tatu. Daktari kamkataza kupanda kitu chochote. Kwa hiyo mambo yamegeuka: mie ndiye wa saiti, yeye ndiye wa fomu. Kapewa meza yangu na kiti changu kinachozunguka. Mie nimepewa kiti cha mbao. Sikunung'unika. Mtu wa saiti hakai.

Nimemsimulia kisa chake cha ngazi mbele ya Bwana Alnashir, nikakitia viungo. Nikampa na nasaha: kaka, mtu anaandika akimfikiria atakayesoma.

"Mie niliandika kweli tupu, dada," kasema, mdomo umejaa halua. "Wewe ndiye uliyefuta nusu yake."

Bwana Alnashir kacheka upande wake. Nimejifanya sikuona.

Sasa Muhiddin anajaza fomu ya Lewisham kutoka kwenye karatasi zangu. Nipo mbele yake, nimekunja mikono. Anakwenda vizuri. Milango, Yes. Sakafu, Yes. Nyaya, Yes. "Mzee ana sauti ya kwaya nzima" — hili halina kisanduku, kaka, endelea.

Kasimama.

"Dada. Hapa. Taa ya dharura ya mlango wa nyuma. Umeandika 'bado'."

"Ndiyo."

"Bado nini? Bado inawaka? Au bado haijawekwa?"

Nimemwambia ngoja niangalie kwenye daftari langu. Daftari ndilo hili. Naandika kwa bidii, uso wa kikazi, naguna kidogo kila mstari. Bwana Alnashir kaja kusimama mlangoni, kauzuia kwa mguu. Mteja haulizwi jibu. Muhiddin kashika kalamu juu ya kisanduku, kiti kinashuka naye polepole, na macho yake hayaniachi.

Nakumbuka wimbo. Nakumbuka tangawizi, nakumbuka shingo za dhahabu za yale majoho meupe.

Taa siikumbuki.